Mgeni Aliyelipa Adaiwa Nini?



Wazee wetu walituachia maneno mengi juu ya mgeni. Walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tena walisema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Neno la kwanza lamfundisha mwenyeji kufungua mlango kwa furaha. Neno la pili lamfundisha mgeni kwamba mlango ukiisha kufunguliwa, naye ana kazi yake. Ni kama mizani: wajibu uko upande huu, na wajibu uko upande ule.

Lakini siku hizi yuko mgeni wa namna nyingine, ambaye wazee hawakumzoea. Ndiye mtalii, maana yake mtu aendaye nchi ya kigeni si kwa biashara, wala kwa msiba, wala kwa kukimbia vita, bali kwa kutazama na kuburudika. Mtu huyu hali chakula cha bure. Hulala katika nyumba ya wageni, akalipa. Hupanda gari, akalipa. Huingia mahali pa kutazama, akalipa. Hangoji kupewa jembe siku ya tatu, kwa sababu alikwisha kutoa fedha siku ya kwanza. Basi swali latokea: mgeni aliyelipa adaiwa nini tena? Adabu yake ni deni, au ni pambo tu, kama ua katika kofia: ukilitia ni vizuri, usipolitia hukukosa neno?

Najua wengine watasema: "Mwalimu, sisi ni watu wa jembe na wavu. Utalii unatuhusu nini?" Unatuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, nchi zimekaribiana. Tangu mwaka 2022 Kongo yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kijana anayeuza samaki leo aweza kesho kuvuka ziwa kwenda kutazama mji asioujua. Pili, wageni hutujia sisi pia, na atakaye kuipima adabu ya mgeni sharti awe na kipimo. Tatu, sheria ya mgeni ni moja. Ajuaye kuingia kwa heshima katika kijiji cha jirani ameanza kujua kuingia katika nchi ya mbali.

I. Fedha hununua nini?

Atoaye fedha katika nyumba ya wageni hununua kitanda, maji ya kuoga, na usingizi wa usiku mmoja. Alipaye nauli hununua nafasi katika chombo. Hayo ni haki yake, na akinyimwa aweza kudai. Lakini tazameni yale asiyoyanunua. Mtoto achezaye njiani hakuuza uso wake. Mama wa sokoni aliuza samaki. Hakuuza picha yake. Wazee wanaosali hawakuuza utulivu wao. Watu wa mtaa waliofagia mbele ya nyumba zao asubuhi hawakupata hata faranga moja kwa mtalii anayepita na kusifu usafi wa mji. Naye aliwatazama wote hao, akafurahi, akarudi kwao na masimulizi.

Kwa hiyo si kweli kwamba amelipa kila kitu. Amelipa sehemu ndogo. Sehemu kubwa ameipata bure. Naye apokeaye bure ana deni. Deni hilo halilipwi kwa noti. Hulipwa kwa heshima.

Nitawapa mfano wa nchi iliyo mbali sana, ili tulione jambo lenyewe bila kumnyoshea kidole jirani. Katikati ya Australia liko jiwe moja kubwa jekundu, kubwa kama mlima, kimo chake mita 348. Jina lake ni Uluru. Wenyeji wa hapo, watu waitwao Anangu, hulihesabu kuwa mahali patakatifu tangu kale. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali iliwarudishia ardhi hiyo. Wageni walikuwa na desturi ya kupanda juu ya jiwe. Wenyeji wakaweka maandishi penye njia, wakiwasihi wasipande. Wakati ule haikuwa amri ya sheria. Lilikuwa ombi tu. Wengi walisoma ombi hilo, kisha wakapanda. Mwishowe, tarehe 26 Oktoba 2019, siku ileile ya kukumbuka kurudishwa kwa ardhi, njia ilifungwa kabisa. Na katika majuma ya mwisho watu wengi walikimbilia kule ili wawahi kupanda kabla haijafungwa.

Tuwaamueje watu hao? Mbele ya hakimu hawakuwa na kosa. Walilipa kiingilio, na hakuna sheria iliyowazuia. Lakini je, mgeni wako akiambiwa, "Tafadhali usikalie kiti cha marehemu baba," naye akakikalia kwa sababu hakuna askari wa kumkamata, utamsifu? Hapa twaona kwamba ruhusa ya karani wa mlangoni na ridhaa ya mwenye nyumba ni mambo mawili. Mtalii mwenye adabu huziuliza zote mbili.

Mwanafalsafa mmoja Mjerumani, Immanuel Kant, aliandika mwaka 1795 kwamba mtu afikaye katika nchi ya wengine kwa amani ana haki ya kutotendewa kama adui. Hiyo ni haki ya kuzuru. Lakini alisema pia kwamba haki hiyo haimfanyi kuwa mwenye nyumba, wala haiwalazimishi wenyeji kumkaribisha ndani kama mgeni wao. Naye aliyalaumu mataifa ya Ulaya yaliyofika katika nchi za mbali yakadhani kuzuru na kuteka ni jambo moja. Sisi watu wa Kongo hatuna haja ya kuelezwa sana maneno hayo. Twajua lililowapata babu zetu kati ya mwaka 1885 na 1908, mgeni alipojihesabu kuwa mwenye nchi. Basi, sisi tuliokwisha kuonja uchungu huo, tukisafiri tusiwe na moyo ule.

II. Kujitayarisha ni nusu ya adabu

Watu wengi hudhani adabu huanza pale mgeni afikapo mlangoni. Sivyo. Huanza nyumbani kwake, siku anapofunga mzigo. Mwaka 1999, katika mji wa Santiago nchini Chile, Shirika la Utalii Duniani lilikubali kanuni za maadili ya utalii. Na mojawapo ya wajibu zilizoandikwa humo ni kwamba msafiri ajifunze habari za nchi aiendeayo hata kabla hajaondoka kwao. Kwa nini wajibu? Kwa nini isiwe shauri jema tu?

Kwa sababu kutojua kuko kwa namna mbili. Kuna jambo usilolijua wala hukuweza kulijua. Hapo huna lawama. Na kuna jambo usilolijua kwa sababu hukutaka kuuliza. Hapo kutojua kwako ni uvivu uliovaa nguo ya unyofu. Mzigo wa uvivu huo huubebi wewe, wanaubeba wenyeji. Wao ndio watakaokusubiri, watakaokuonya kwa haya, watakaokulipia faini, watakaokupeleka hospitali.

Tuchukue safari moja tunayoweza kuifikiri sote. Mtu wa Kalemie anataka kuvuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, apande gari la moshi katika reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, ashuke Dar es Salaam, kisha avuke bahari mpaka Unguja. Atayarishe nini?

Kwanza, hati zake. Aulize ofisi ya uhamiaji mapema ni karatasi gani zinatakiwa. Achanjwe homa ya manjano na kuchukua kile kitabu kidogo cha njano. Chanjo hiyo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Kwa hiyo akingoja mpaka siku ya kuondoka amechelewa. Lakini akiisha kuchanjwa, tangu mwaka 2016 cheti hicho hufaa maisha yake yote. Tazameni jinsi uvivu mdogo unavyozaa kosa kubwa: asiye na cheti huzuiliwa, akizuiliwa hugombana, akishindwa katika ugomvi hutafuta kumhonga mkaguzi. Mtu aliyetoka kwao akiwa mwaminifu amekuwa mtoa rushwa bandarini, kwa sababu ya sindano aliyoiahirisha.

Pili, mzigo wake. Tangu tarehe 1 Juni 2019 Tanzania imekataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu. Basi achukue kikapu cha mama yake, au mfuko wa kitambaa.

Tatu, saa yake. Kalemie ikiwa saa mbili asubuhi, Kigoma ni saa tatu. Asiyejua hilo atachelewa gari la moshi, kisha atawalaumu wenye reli.

Nne, macho yake. Kwetu magari hupita upande wa kuume. Tanzania hupita upande wa kushoto. Mtu wa kwetu akitaka kuvuka njia, shingo yake imezoea kugeuka kushoto kwanza. Kule gari la karibu litatoka kuume. Wengine watasema hilo ni jambo la usalama, si la adabu. Lakini fikirini dereva asiye na kosa lolote aliyemgonga mgeni. Atalala vipi usiku ule? Kujilinda katika nchi ya watu ni namna ya kuwahurumia wenyeji.

III. Lugha moja, desturi mbili

Msafiri wetu ana furaha kwa sababu lugha ya kule ni Kiswahili. Asema moyoni: "Huko si ugenini." Ajihadhari hapo. Aendaye kwa watu wa lugha nyingine hukanyaga polepole, kwani ajua kwamba hajui. Aendaye kwa watu wa lugha yake hukanyaga kwa nguvu.

Kwetu tumezoea kumwambia kila mtu "Jambo," mkubwa na mdogo, tukapeana mkono, na heshima imetimia. Kule kijana akimkuta mzee humwambia "Shikamoo," naye mzee hujibu "Marahaba." Kijana wa kwetu asemaye "Jambo" tu kwa mama mzee hakuwa na nia mbaya, lakini mama yule atajiuliza ni nani aliyemlea. Kwetu mtu akiingia dukani husema, "Nipe sabuni," na mwenye duka haoni vibaya. Kule husema, "Naomba sabuni," ijapokuwa fedha iko mkononi. Hilo neno "naomba" ni jibu zuri la swali letu: mnunuzi anayelipa, na bado anaomba. Tena kule watu humwambia "Pole" hata mtu wanayemkuta amebeba mzigo tu, wala hakupatwa na msiba. Mgeni asiyelijua neno hilo hupita kama mtu asiyeona taabu ya wenzake.

Basi ajifunze maneno hayo matatu kabla ya kupanda chombo: shikamoo, naomba, pole. Hayana uzito begani. Lakini pia asikionee haya Kiswahili cha kwao, wala asikicheke cha wengine. Lugha hii ilitufikia kwa njia ileile atakayoifuata yeye, ingawa yeye aifuata kwa kurudi nyuma. Na njia hiyo ina habari zake.

IV. Mahali pa machozi

Katika karne ya 19 misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka Nyangwe na Kasongo katika Manyema, ikavuka ziwa mpaka Ujiji, ikapita Tabora, ikashuka Bagamoyo, ikavuka bahari mpaka Unguja. Wenye misafara hiyo walileta Kiswahili kwetu. Wakawachukua watu wetu. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, aliyekuwa na nguvu kubwa katika Kasongo, alifia Unguja mwaka 1905. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la Waanglikana. Kando ya kanisa hilo kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu 5 waliofungwa minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998 ili watu wasisahau.

Watalii wengi hufika hapo. Msafiri wetu wa Kalemie naye atafika. Asimameje?

Kuna makosa mawili ya kuepuka. Kosa la kwanza ni mzaha: kupiga picha akicheka mbele ya minyororo, kula karanga na kutupa maganda, kusema kwa sauti kubwa kama sokoni. Mtu asiyejisomea lolote kabla ya kufika huangukia kosa hilo kwa urahisi, kwani huona mawe tu, haoni watu. Ndiyo maana nilisema kujitayarisha ni nusu ya adabu: hutaweza kuheshimu maumivu usiyoyajua.

Kosa la pili ni kinyume chake, nalo huwashika hasa wale waliosoma kidogo. Ni kutoka hapo na moyo wa hasira, akamtazama kijana auzaye karafuu mlangoni kama kwamba yeye ndiye aliyemfunga babu yake. Kijana huyo hakuuza mtu. Labda yeye mwenyewe ni mjukuu wa aliyeuzwa. Tena habari yote si nyepesi: hata watu wa Manyema wenyewe, wengine wao walishika bunduki katika misafara ile. Na katika Ujiji na Kigoma hata leo wako watu wengi waitwao Wamanyema, ambao babu zao walivuka ziwa kutoka upande wetu. Aliyevuka akidhani anakwenda kutazama wageni, huenda akawa ametazama ndugu zake.

Basi asimame kimya. Asikilize anayeeleza mpaka mwisho. Akitaka kuuliza, aulize kwa nia ya kujua, si kwa nia ya kushinda.

V. Mwenyeji asiyeweza kusema

Kaskazini mwa Kigoma, kando ya ziwa, iko hifadhi ndogo ya Gombe. Mwingereza Jane Goodall alifika huko mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, na kazi aliyoianza imeendelea kwa miaka zaidi ya 60. Mwili wa sokwe wafanana sana na wetu, hata magonjwa yetu humshika. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaingia sokwe wa Gombe. Wengine wakafa, wengine wakabaki na mkono au mguu usio na nguvu. Mafua na kikohozi, ambavyo kwetu hupita kwa siku chache, kwao vyaweza kuua. Ndiyo maana mgeni huamriwa kukaa mbali nao na kutokula mbele yao, na mtu mgonjwa haruhusiwi kuwakaribia.

Sasa fikirini mtu aliyeweka akiba mwaka mzima. Amelipa. Kesho ndiyo siku yake ya kuingia msituni. Usiku ashikwa na mafua. Hakuna amjuaye. Akimeza dawa na kunyamaza, ataingia, atawaona sokwe, atarudi kwao, na hakuna atakayemlaumu hata wakifa. Je, afanye nini?

Hapo swali letu laonekana likiwa uchi. Kama adabu ni pambo tu, aingie; fedha yake ni halali. Kama adabu ni deni, akae nje, na fedha ipotee. Mimi nasema akae nje. Wala asidhani amepata hasara tupu. Watu wote huheshimu mwenyeji mwenye fimbo. Anayemheshimu mwenyeji asiyeweza kusema wala kushtaki, huyo ndiye tunayejua kwamba heshima yake ni ya kweli.

VI. Je, kufuata desturi za wenyeji si unafiki?

Mtu mwenye dhamiri aweza kuuliza: "Unguja watu wengi ni Waislamu. Mwezi wa Ramadhani wanafunga. Mimi si Mwislamu. Nikijificha kula, si kwamba najifanya nisivyo?" Ni swali jema, nalo lataka jibu.

Anayekula ndani badala ya kula njiani hakufunga, wala hakumwambia mtu kwamba amefunga. Amefanya jambo moja tu: hakumwekea mwenye njaa sahani mbele ya uso. Vivyo hivyo mwanamke afunikaye mabega na magoti anapotembea katika Mji Mkongwe, na mwanamume aachaye nguo za kuogelea pwani zinakofaa, na Mkristo avuaye viatu mlangoni pa msikiti alipokaribishwa kuutazama: hakuna hata mmoja aliyekana imani yake. Unafiki ni kuonyesha imani usiyo nayo ili upate faida. Heshima ni kuilinda imani ya mwingine isidharauliwe, na wewe ukabaki na yako. Na kwa kuwa mwezi wa Ramadhani hutangulia siku kama 11 kila mwaka katika kalenda yetu, msafiri aulize kabla ya safari utaanguka lini.

Lakini kuna mpaka. Wahenga husema: "Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho." Maneno hayo yafaa katika mavazi, salamu, chakula na saa za kulala. Hayafai katika uovu. Mwenyeji akimwalika mgeni aone mtoto akiteswa, au anunue kitu kilichoibwa, au ampe mkaguzi hongo kwa kuwa "ndiyo desturi ya hapa," mgeni akatae kwa upole, bila kuhubiri kwa kelele. Fumba jicho, usifumbe dhamiri.

VII. Mzigo usioonekana

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko yote. Msafiri hadhani, lakini hachukui mzigo wake peke yake. Amechukua pia jina la watu wake. "Mgeni ni kuku mweupe," wasema wahenga. Huonekana katika kundi lote. Mwenyeji mmoja akiiba, watasema jina lake. Mgeni mmoja akiiba, watasema jina la nchi yake.

Katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, iko kambi ya Nyarugusu. Tangu mwaka 1996 imepokea maelfu mengi ya watu wetu waliokimbia vita. Hao hawakwenda kule kutazama. Hawawezi kukata tamaa ya wenyeji wao wakarudi nyumbani kesho. Sasa afike mtalii mmoja kutoka kwetu, mwenye fedha kidogo na makelele mengi. Amtukane mwenye duka, apige picha wanawake bila kuwauliza, aondoke na deni la chumba. Kesho kutwa yeye amevuka ziwa. Lakini mwenye duka yumo, na siku ifuatayo mama mmoja kutoka kambini aja kumwomba amkopeshe unga kidogo. Atamwonaje mama huyo? Ni nani aliyelipa safari ya yule mtalii?

Hapo ndipo ninaposema wazi kwamba adabu ya mtalii si pambo. Fedha yake imemwondoa katika deni la kitanda na la chakula. Haikumwondoa katika deni la kuwa mgeni. Na sehemu ya deni hilo, asipolilipa yeye, hulipwa na mtu maskini kuliko yeye.

Basi ukipata siku moja neema ya kuona nchi nyingine, nenda kwa furaha, utazame vitu vyote vizuri. Lakini kabla ya kuondoka, uliza. Ukifika, salimu kwanza. Ukitaka picha, omba. Ukikosea, sema samahani, wala usitafute maneno mengi. Ukiambiwa "hapa hapaingiwi," rudi, hata kama umelipa. Na ukirudi kwenu, simulia mema uliyoyaona pamoja na kasoro, maana kumsengenya mwenyeji baada ya safari ni kuula wali wake kisha kulivunja sahani. Fanya hivyo, na mtu wa kwetu atakayefika baada yako ataukuta mlango uko wazi.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Mtalii hupata vitu gani bila kuvilipia?
2. Kutojua kwa namna gani ni kosa, na kwa namna gani si kosa?
3. Mtu aliyelipa kuingia Gombe, naye ameshikwa na mafua, afanye nini? Toeni sababu.
4. Heshima na unafiki vyatofautianaje?
5. Katika kijiji chetu, mgeni apaswa kujua nini kabla ya kufika? Nani amweleze?